Fundi Kijana: Jicho si mizani ya mwanga



Kuna ulizo moja ambalo vijana wanaleta tena na tena, na mwezi huu tunalijibu. Wanasema hivi: "Fundi, ile lazeri ya rangi ya violeti inaonekana kidogo tu. Ya kijani njo inachoma macho. Hii haiko na nguvu. Tunaweza kucheza nayo, sivyo?"

Jibu ni fupi: hapana. Lakini jibu fupi halifundishi. Kijana anayekatazwa kitu bila kuelezwa sababu, atangojea baba alale, kisha atakitosha mu kabati. Kwa hiyo tuketi pamoja, baba, mama na watoto, tufahamu jambo lenyewe. Ndani yake kuna mambo mazuri ya kujua, na kuna mambo ya kuogopa, na yote mawili yanatoka mu chanzo kimoja.

Neno kubwa ni hili, mulishike mpaka mwisho wa ukurasa: jicho si mizani ya mwanga. Katika migodi yetu, kila muchimbaji anajua uchungu wa mizani ya uongo. Unabeba mufuko muzito mpaka kwa munuzi, mabega yanauma, lakini mizani yake inasema kilo kidogo. Muzigo haukupungua njiani; ni mizani iliyodanganya. Basi, mbele ya mwanga wa violeti, jicho la mutu ni mizani ya namna hiyo. Linasoma kidogo pahali penye kingi.

PAHALI RANGI ZINAISHIA

Wakati wa mvua, jua likitoka, munaona upinde wa mvua: inaanza nyekundu, inafuata rangi ya chungwa, manjano, kijani, buluu, na mwishoni violeti. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Tunaupima kwa nanometa. Nanometa 1,000,000 zinafanya milimeta moja. Lazeri nyekundu ya kawaida ina nanometa 650 ao karibu na hapo. Ya kijani ni 532. Ya violeti ni 405. Wimbi likiwa fupi zaidi, kila chembe ya mwanga inabeba nguvu zaidi.

Nyuma ya violeti, mwanga hauishi. Ni jicho linaloshindwa. Mwaka 1801, Mujerumani mumoja, Johann Wilhelm Ritter, alipasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka dawa ya kloridi ya fedha pa kila rangi. Dawa hiyo inageuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Akaona ya kwamba iligeuka nyeusi upesi zaidi kando ya violeti, pahali ambapo jicho halikuona kitu. Mwanga huo ndio tunaouita ultravioleti, ni kusema, uliopita violeti.

Wataalamu wanaugawanya mafungu matatu: A, toka nanometa 400 mpaka 315, B, toka 315 mpaka 280, na C, toka 280 kushuka mpaka 100. Jua linatuletea A nyingi na B kidogo. C inazuiwa juu angani kabla haijatufikia.

Lazeri ya 405 inasimama pa mulango. Wauzaji wanaiita ultravioleti, lakini kwa kweli ni violeti ya mwisho kabisa. Jicho linaona vizuri kupita zote ile kijani iliyoelekea manjano, ya nanometa 555. Ukishuka mpaka 405, uwezo wa jicho unaanguka sana. Kamata lazeri mbili zenye nguvu sawasawa, miliwati 5 kila moja, moja ya kijani na moja ya violeti. Jicho litaona ile ya kijani inang'aa zaidi ya mara 1,000 kuliko ya violeti. Nguvu ni sawa. Tofauti iko mu jicho tu. Na ukishuka tena mpaka 375, hauoni karibu kitu. Lazeri za 375 ziko, zinatumiwa mu maabara na mu viwanda.

Sasa munafahamu kosa la yule kijana. Aliangalia mizani ya uongo, akasema muzigo hauna uzito.

DIODA HII IMETOKA WAPI

Dioda ya lazeri ni kipande cha kristali, kidogo kuliko punje ya muchele, kinachotoa mwanga umeme ukipita ndani yake. Kwa miaka mingi mafundi walijua kufanya nyekundu, lakini buluu na violeti ziliwashinda. Katika Japani, Shuji Nakamura wa kampuni Nichia alifaulu kufanya dioda ya buluu yenye kung'aa sana mwaka 1993, na mwaka 1996 akaonyesha lazeri ya violeti. Kristali yake ni galiamu iliyounganishwa na nitrojeni. Galiamu ni metali inayopatikana hasa wakati wa kusafisha boksiti, jiwe la alumini. Mwaka 2014 Nakamura alipewa zawadi ya Nobel ya fizikia kwa ajili ya dioda ya buluu, pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, ambao walifanya kazi kubwa mbele yake.

Namna gani lazeri ya 405 iliingia mu nyumba za watu? Iliingia kwa njia ya mashine za diski za Blu-ray, na ya PlayStation 3 iliyotokea mwaka 2006. Diski ya DVD inasomwa kwa mwanga mwekundu wa 650. Wimbi fupi la 405 linaweza kusoma alama ndogo zaidi, kwa hiyo diski yenye upana ule ule inabeba mambo mengi zaidi.

Nyuma, mashine hizo zilipokufa, wapenda-elektroniki wa inchi nyingi walianza kuzifungua na kutosha dioda. Hapo ndipo hatari ilitoka mu sanduku. Ndani ya mashine, lazeri imefungwa, na mufuniko ukifunguliwa, inazimika. Mukononi mwa kijana hakuna mufuniko. Tena dioda ya mashine ya kuandika diski inaweza kupita miliwati 100. Hicho si kitu cha kuchezea.

MWANGA UNAOBADILISHWA KAMA FRANGA

Lazeri hiyo ikimulikwa pa shati jeupe, alama inawaka buluu, inang'aa sana. Ikimulikwa pa bati ya nyumba, alama ni ya violeti, hafifu. Lazeri ni ile ile. Ni sababu gani?

Shati limefuliwa kwa sabuni ya unga. Ndani ya sabuni nyingi za namna hiyo kunatiwa dawa ya kung'arisha nguo. Dawa hiyo inapokea mwanga wa ultravioleti na wa violeti, ambao jicho linauona kidogo ao haliuoni, kisha inarudisha mwanga wa buluu, ambao jicho linauona vizuri. Kazi hii inaitwa fluoresensi. George Gabriel Stokes, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, aliieleza mwaka 1852, akaipa jina kufuatana na jiwe linaloitwa fluoriti, kwa sababu linawaka namna hiyo.

Ifikirieni kama kazi ya kambisti, yule mwenye kubadilisha franga barabarani. Unamupa noti kubwa, anakurudishia pesa, lakini siku zote pungufu kidogo, kwa maana anabaki na faida yake. Chembe ya violeti ni noti kubwa. Kitu kinaipokea, kinabaki na faida, ambayo inageuka kuwa joto, kisha kinarudisha chembe yenye nguvu ndogo zaidi: buluu, kijani, manjano ao nyekundu. Kambisti hawezi kukurudishia zaidi ya kile ulichomupa. Ndiyo sababu lazeri nyekundu haiwezi kuwasha shati buluu, hata ukimulika usiku kucha.

Hata torshi ya LED ambayo muchimbaji anavaa pa kichwa akiingia mu shimo inafanya kazi hiyo. Ndani yake kuna dioda ya buluu iliyofunikwa na unga wa manjano. Unga unapokea sehemu ya buluu na kurudisha manjano. Buluu na manjano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Kwa hiyo, ndugu muchimbaji, fluoresensi ndiyo inakuongoza chini ya udongo kila siku, na pengine haukujua.

MAMBO YA KUJARIBU NYUMBANI

Vijana, hauhitaji lazeri kwa kuona mambo haya. Torshi ndogo ya LED ya nanometa 395, kama zile za kuchunguzia franga, inatosha. Mwanga wake unatawanyika, hausongamani pa nukta moja kama lazeri. Hata hivyo usiielekeze machoni pa mutu, wala usiiangalie ndani. Jambo la kwanza, zimeni taa ya nyumba.

Franga. Noti za dola zilizochapishwa tangu miaka ya mwisho ya 1990 zina uzi ndani ya karatasi. Chini ya mwanga huo uzi unawaka: noti ya 5 buluu, ya 10 rangi ya chungwa, ya 20 kijani, ya 50 manjano, ya 100 waridi. Noti ya 1 haina uzi. Karatasi yenyewe inabaki na giza, kwa sababu imefanywa kwa pamba na kitani bila dawa ya kung'arisha. Noti ya uongo iliyochapwa pa karatasi ya duka inawaka buluu nzima. Lakini muangalie: noti ya kweli iliyosahauliwa mu suruali, mama akaifua na sabuni ya unga, nayo inaweza kuwaka. Usimwite mutu mwizi mbele ya kuangalia uzi.

Kwinini. Soda ya toniki ina kwinini kidogo, ndiyo maana ni chungu. Muliko ukiipata, inawaka buluu kama anga. John Herschel, Mwingereza, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1845. Musiharibu vidonge vya malaria kwa kuchezea. Dawa ni ya mugonjwa. Soda inatosha.

Majani. Ponda lenga-lenga, tia mu alkoli ya famasi, ngoja kidogo, chuja kwa pamba. Maji hayo ni ya kijani. Yamulike mu giza: yanatoa rangi nyekundu kama damu. Ni ile dawa ya kijani ya majani inayopokea mwanga wa jua ili kulisha muti. Alkoli inashika moto upesi, kwa hiyo hakuna mushumaa wala babula karibu, na mukubwa awepo.

Nge. Ngozi ya nge inawaka kijani-buluu mu giza. Mama anaweza kuchungulia chini ya vitanda na mu viatu vya watoto mbele ya kulala. Hapa torshi hii inakuwa mulinzi wa nyumba.

Mawe. Kwa jamaa za migodi nina neno la pekee. Mutu akikuambia ya kwamba torshi ya ultravioleti inaonyesha shaba na kobalti, usimupe makuta yako. Malakiti ya kijani haiwaki. Heterojeniti, lile jiwe jeusi la kobalti, haiwaki. Shaba na chuma vinazima fluoresensi mara nyingi.

Kinyume chake, kuna mawe ya urani, kama otuniti, yanayowaka kijani-manjano kwa nguvu, yanapendeza sana. Usilete jiwe la namna hiyo nyumbani kuwa pambo, wala usiliweke chini ya kitanda. Katanga inajua urani: Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoa urani iliyotumiwa na Wamarekani mu kazi ya mabomu ya mwaka 1945, na mwaka 2004 serikali ilikataza wachimbaji kuchimba pale. Lakini jiwe lisilowaka, si kusema ni jiwe jema. Torberniti ni ya urani, ina shaba ndani, na haiwaki. Uraniniti nyeusi pia haiwaki. Mionzi ya urani inapimwa kwa chombo chake, haipimwi kwa torshi wala kwa macho. Ni lile neno letu tena: jicho si mizani.

NAMNA LAZERI INAVYODANGANYA JICHO

Turudi sasa kwa lazeri ya violeti. Inamudanganya mutu mara tatu.

Uongo wa kwanza: kope hazifungi. Mwanga mukali ukiingia machoni, kope zinafunga zenyewe kwa muda wa robo ya sekunde, na kichwa kinageuka. Mungu alitupa mulinzi huyo. Lazeri nyekundu ao ya kijani ya miliwati 1 inahesabiwa kuwa ya hatari ndogo kwa sababu ya mulinzi huyo. Lakini mulinzi anaamuka akiona ukali. Mwanga wa 405 unaonekana hafifu, mulinzi anabaki amelala, na mutu anaendelea kuangalia. Na kwa ultravioleti yenyewe, isiyoonekana, mulinzi hayuko kabisa.

Uongo wa pili: unaangalia kitu kingine. Ukiona shati linawaka buluu, si mwanga wa lazeri unaouona. Ni mwanga uliorudishwa na dawa ya sabuni. Mwanga huo unatawanyika pande zote. Lakini lazeri ikipiga kioo, simu, kijiko ao mulango wa gari, inaweza kurudi bila kutawanyika pande zote, yenye nguvu ya kuumiza jicho. Wewe unacheka ukiangalia shati, na mwanga uliorudi umekwisha kuingia mu jicho la mutoto aliyeketi kando.

Uongo wa tatu: hakuna maumivu. Kila fundi wa kuchomea vyuma anajua macho ya mutu aliyeangalia moto wa kuchomea. Ule ni ultravioleti ya B na C. Inaunguza ngozi ya mbele ya jicho. Muchana mutu anasema ni muzima. Saa 6 mpaka 12 nyuma yake, usiku, anaamuka akilia kana kwamba kuna muchanga machoni. Yule anaumwa, na kwa kawaida anapona kiisha siku moja ao mbili. Lazeri ya 405 haisimami mbele. Inapita mpaka nyuma ya jicho, pa retina, kile kitambaa kinachopokea picha. Retina haina mushipa wa maumivu. Inaungua, na mwenyewe hasikii kitu. Kesho anaona doa jeusi katikati ya kitabu. Doa hilo linaweza kubaki maisha yote.

Tena jicho lenyewe linasaidia moto. Lenzi ya jicho inakusanya mwanga wa lazeri pa nukta ndogo sana, hata nguvu yake pa nukta ile inazidi karibu mara 100,000. Ni kama mutoto anayechoma karatasi kwa kioo na jua. Na lenzi ya mutoto ni safi kama maji. Ya muzee imekwisha kugeuka manjano kidogo, inazuia sehemu ya violeti. Kwa hiyo mutoto, ambaye ndiye anapenda kucheza, ndiye anayeumia zaidi. Ultravioleti ya A, yenyewe, inazuiwa zaidi na lenzi, na lenzi inayopigwa miaka mingi inaweza kupata ugonjwa wa mutoto wa jicho.

KARATASI YA BEI NA ALAMA

Mutu atasema: "Fundi, pa lazeri yangu wameandika miliwati 5." Muangalie vizuri. Kundi la 2 ni mpaka miliwati 1. Kundi la 3R ni mpaka 5. Kundi la 3B ni toka 5 mpaka 500, na linaumiza jicho likiingia moja kwa moja. Kundi la 4 ni kupita 500. Linaumiza hata ngozi, linaweza kuwasha moto. Lakini maandiko si kipimo. Mwaka 2013, chuo cha vipimo cha serikali ya Marekani, NIST, kilitangaza ya kwamba kilipima lazeri ndogo 122 za mukononi. Karibu 90 kwa mia za kijani na 44 kwa mia za nyekundu hazikufuata sheria. Nyingi zilikuwa na nguvu kupita ile iliyoandikwa. Kama ni vile kwao, wenye wapimaji na sheria, je, lazeri ya sokoni kwetu isiyo na jina la mufanyaji?

Na miwani? Miwani nyeusi ya jua si ya lazeri. Giza lake linafungua mboni ya jicho zaidi. Miwani ya plastiki ya wazi inazuia ultravioleti nyingi, lakini 405 inapita. Miwani ya kweli imeandikwa pa pembeni namba za nanometa inazozuia na nguvu ya kuzuia. Kwa 405, mara nyingi ina rangi ya chungwa. Lakini si kila kioo cha rangi ya chungwa ni miwani ya lazeri. Kama hakuna namba, hesabu ya kwamba hauna miwani.

SHERIA ZA NYUMBA

Wazazi, mukate ukurasa huu, muubandike pa ukuta.

1. Lazeri ya violeti ao ya ultravioleti si toyi. Haipewi mutoto siku ya Noeli wala siku nyingine.

2. Mashine ya diski iliyokufa isifunguliwe kwa kutosha dioda, kama hakuna miwani yenye namba, sanduku la kufunika mwanga, na mukubwa anayejua kazi.

3. Mu sikukuu ya vijana na mu michezo ya kanisa, hakuna kumulika lazeri usoni mwa mutu, hata kwa kucheka.

4. Taa za C za kuua vijidudu, zilizouzwa sana tangu mwaka 2020, hazifunguliwi pahali penye watu.

5. Mutu akipigwa na lazeri, ao akiona doa, ukungu ao mistari iliyopindika, asifikiche jicho. Apelekwe kwa munganga wa macho siku ile ile, hata kama haumwi. Musitie maziwa, wala majani, wala dawa ya jirani.

6. Mutoto aliyepigwa asiogopeshwe na fimbo. Akiogopa, ataficha, na wakati wa kutibu utapita.

KWA KIJANA MWENYE KUPENDA UFUNDI

Sisemi uache elektroniki. Hamu ya kujua ni zawadi, na Nakamura mwenyewe alikuwa fundi wa kampuni ndogo mbali na muji mukubwa. Fungua redio, tengeneza chaja, jifunze kupima umeme, angalia nge na lenga-lenga kwa torshi yako. Lakini fundi wa kweli anajulikana kwa jambo moja: anapima kwa chombo, hapimi kwa kukisia. Muchimbaji mwenye akili hateremuki mu shimo kwa sababu halina sura ya kubomoka. Anagonga ukuta kwanza, anasikiliza. Na wewe, usiseme mwanga hauna nguvu kwa sababu jicho lako haliuoni. Uliza: nanometa ngapi? Miliwati ngapi? Nani alipima? Kama majibu matatu hayako, zima.

Mungu alitupa macho mawili, hakutupa mengine ya kubadilisha. Kwa macho hayo unasoma, unajua udongo umepasuka juu ya kichwa chako, unaona uso wa mama. Usiyauze kwa alama ya buluu pa shati.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA MU JAMAA

1. Kwa nini lazeri ya violeti inaonekana hafifu kuliko ya kijani yenye nguvu ile ile?

2. Shati linawaka na bati haiwaki. Ni nini kinachobadilisha mwanga?

3. Ni nani mu nyumba yetu ana lazeri ao torshi ya namna hii, na inawekwa wapi?

4. Mu maisha yetu, ni hatari gani nyingine tunaidharau kwa sababu haionekani vizuri?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mubaki na amani.